Dansi la Pamoja: Wasauzi, Magitaa na Barabara Inayopita Babati

Ukikaa Nangara jioni, ukayatazama malori na mabasi yanayotoka Arusha yakielekea Kondoa na Dodoma, ni rahisi kudhani kwamba barabara hii ni ya kwetu tu. Waingereza waliokuwa wakitutawala waliipangia makubwa. Waliiita Barabara Kuu ya Kaskazini, na katika ndoto zao ilikuwa kipande cha njia moja ya kutoka Cape Town hadi Cairo: inapanda kutoka kusini kupitia Mbeya, Iringa, Dodoma na Kondoa, inaingia Babati, inaendelea Arusha mpaka Nairobi. Walitaka ipitishe barua, maofisa na bidhaa. Ilipitisha mengi zaidi ya hayo, na hapa nataka kufuata jambo moja tu: mapenzi ya watu wa Afrika Kusini kwa dansi linalopigwa laivu, na jinsi mapenzi hayo yalivyokutana na ya kwetu.

Aliyenichokoza ni Msauzi mmoja anayefanya kazi za utalii upande wa Tarangire na kupanga nyumba hapa Nangara. Simtaji jina, maana si mtu wa magazeti. Ana miaka hamsini na ushee, na Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Ila kuna swali moja analiuliza kila Ijumaa bila kukosea hata herufi: "Leo bendi inapiga wapi?" Nangara baa zipo, spika kubwa zipo, dijei yupo. Bendi hakuna. Ukimwambia kuna muziki mahali fulani, anauliza tena, "Wa watu au wa mashine?" Vijana wanacheka. Mimi swali lake limenikaa kichwani, kwa sababu nyuma yake kuna historia ndefu kuliko yeye mwenyewe anavyojua.

Yeye ni mtoto wa Durban wa miaka ya 1980, na bendi ya ujana wake ilikuwa Juluka. Kwa msomaji asiyewajua: Juluka walianzishwa na vijana wawili, Johnny Clegg, Mzungu aliyezaliwa Uingereza 1953 na kukulia Johannesburg, na Sipho Mchunu, Mzulu aliyekuja mjini kutafuta kibarua cha bustani. Walichanganya gitaa la Kizulu na roki, na jukwaani walicheza ngoma ya Kizulu ya kurusha mguu juu na kuubamiza chini. Albamu yao ya kwanza, Universal Men, ilitoka 1979. Sheria za ubaguzi hazikuruhusu watu wa rangi tofauti kukaa kwenye ukumbi mmoja kwa raha zao, kwa hiyo walipiga vyuoni, makanisani, kwenye mabweni ya wafanyakazi na majumbani kwa watu. Mara nyingine polisi waliingia na onyesho likaishia hapo. Mwaka 1985 Mchunu aliondoka kwenye bendi akarudi kijijini kuchunga ng'ombe. Hiyo sentensi ya mwisho mtu wa Manyara anaielewa bila kufafanuliwa.

Kwa kijana wa Durban wa wakati ule, basi, kwenda kwenye muziki wa laivu halikuwa jambo la starehe peke yake. Santuri ungeweza kuisikiliza chumbani, pazia limefungwa, na hakuna ambaye angekuona. Kwenye onyesho la laivu ulionekana upo na nani, unacheza na nani, jasho la nani limekugusa. Serikali ya makaburu ililijua hilo vizuri, ndiyo maana iliuogopa ukumbi kuliko santuri.

Sasa turudi nyuma miaka ishirini. Januari 1962 Nelson Mandela alitoroka nchini mwake kwa siri, akaruka kwa ndege ndogo kutoka Bechuanaland hadi Mbeya. Katika kitabu cha maisha yake anasimulia kwamba barazani mwa hoteli ya pale aliwakuta weusi na weupe wameketi pamoja wanazungumza. Anasema hajawahi kabla ya hapo kuingia hotelini mahali pasipo na ubaguzi wa rangi. Tanganyika ilikuwa na uhuru wa mwezi mmoja tu. Mtu aliyekuja kutafuta msaada wa vita alishangazwa kwanza na jambo dogo kama watu kukaa pamoja kwenye viti. Nikisoma sehemu ile huwa nawaza kwamba nusu ya hadithi ya wakimbizi wa Afrika Kusini kwetu ipo hapo: nchi ambayo mtu unaweza kukaa, kunywa na kucheza bila kuangalia mlango.

Lakini muziki wao ulikuwa umeshawatangulia. Miaka ya 1950 kwela, muziki wa filimbi za bati wa vijana wa mitaani kule Johannesburg, ulisafiri kwa santuri hadi huku. Nairobi, Daudi Kabaka na wenzake wa Equator Sound waliuchukua mdundo ule wakaugeuza kuwa twisti ya Kiafrika. Wimbo wa Kabaka, Helule Helule, ulirudiwa na bendi ya Kiingereza, The Tremeloes, ukaingia kwenye chati za Uingereza 1968. Hebu fuatilia safari hiyo: mdundo wa Johannesburg, mikono ya Nairobi, masikio ya London. Na upande mwingine, Miriam Makeba, aliyenyimwa ruhusa ya kurudi kwao tangu 1960, alichukua Malaika yetu akaizungusha dunia nzima. Imo kwenye albamu aliyofanya na Harry Belafonte 1965. Msauzi aliimba Kiswahili jukwaani Marekani kabla wengi wetu hatujajua Sauzi iko upande gani wa ramani.

Kuna mwingine ambaye huku kwetu hatumtaji inavyostahili: Dorothy Masuka, mzaliwa wa Bulawayo aliyepata jina lake Johannesburg. Aliandika nyimbo nyingi zilizoimbwa na Makeba na wengine. Mwaka 1961 alirekodi wimbo kuhusu Lumumba, na polisi wa usalama wakazikamata santuri zake. Hapo ukaanza ukimbizi wa miaka mingi, na Malawi na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi alizozunguka akiimbia kampeni za uhuru. Kwa hiyo unapoambiwa kwamba wapigania uhuru walifika kwetu na bunduki na vitabu vya siasa, ongeza na sauti.

Walifika wengi. Wapo waliokuja kufanya kazi, kama lile kundi la wauguzi 20 walioitikia mwito wa Tanganyika changa, wakati wauguzi wa Kiingereza walipokuwa wakifungasha virago. Wapo waliokuja kama askari. Mwaka 1964 ilifunguliwa kambi ya Kongwa, mashariki ya Dodoma, kwenye ardhi ileile ambako mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulikuwa umefia. Pale walikaa ANC pamoja na FRELIMO, SWAPO, ZAPU na MPLA. Morogoro ikawa makao ya ANC ukimbizini, na mkutano wao mkubwa wa 1969 ulifanyika huko.

Hebu itazame Morogoro ya wakati huo kwa macho ya mpenzi wa dansi. Mji mdogo chini ya milima ya Uluguru, lakini una Cuban Marimba, bendi aliyoianzisha Salum Abdallah 1948, na una Morogoro Jazz, ambako katikati ya miaka ya 1960 aliingia kijana aliyeitwa Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake. Kuna miji mikuu mizima barani ambayo haikuwa na bahati hiyo. Mkimbizi aliyetoka kwenye nchi ambayo ukumbi ulivamiwa na polisi alijikuta kwenye mji ambao Jumamosi tatizo lake ni kuchagua aende kwa nani.

Hapa ndipo hadithi inapoacha kuwa tamu moja kwa moja.

Dola yetu iliupenda muziki wa dansi kwa namna ya mzazi mkali. Iliulisha, na iliuchapa. Vyombo vya muziki vilikuwa ghali na mtu binafsi hakuvimudu, kwa hiyo taasisi za umma zikawa ndizo zenye bendi: chama cha wafanyakazi kikaunda NUTA Jazz 1964, ambayo leo ni Msondo Ngoma, Polisi wakawa na yao, JKT wakawa na yao. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye jengo lake la Barabara ya Pugu, iliwarekodi, na redio hiyohiyo iliwapa wapigania uhuru saa zao za hewani, Radio Freedom ya ANC ikiwamo. Gitaa na tangazo la mapambano vilitoka kwenye mlingoti mmoja.

Lakini Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua vilikuwa marufuku. Novemba mwaka huohuo Dar es Salaam muziki wa soul wa Wamarekani weusi nao ukapigwa marufuku, kwa hoja kwamba unawaharibu vijana na kwamba ni ubeberu umevaa viatu vya dansi. Barua zilimiminika magazetini, wa kuunga mkono na wa kupinga. Miaka miwili baadaye umoja uleule wa vijana ulikuwa na bendi yake, Vijana Jazz. Mkono uliokagua upana wa suruali ndio ulionunua magitaa.

Siwadharau waliotunga sera ile. Nchi ilikuwa na miaka saba ya uhuru, na hofu ya kumezwa na utamaduni wa nje haikuwa ya kubuni. Lakini mtazame Msauzi wa Morogoro au Dar es Salaam wakati huo. Utamaduni wake wa mjini, tangu Sophiatown, ulikuwa umejengwa kwa kuchukua vya Wamarekani weusi na kuvigeuza silaha: jazi, suti kali, lugha ya mtaani. Kwake soul ilikuwa sauti ya ndugu wa mbali anayepigana vita ileile. Nchi iliyompa hifadhi ilimpa nafasi ya kucheza, kisha ikamchagulia wimbo. Hakuvamiwa na polisi kwa sababu ya rangi ya aliyecheza naye, hilo ni kweli na si dogo. Ila hapa nako kulikuwa na mtu aliyesimama mlangoni mwa ukumbi.

Na dansi, kama maji, lilipata upenyo. Miaka ya 1970 Dar es Salaam ilikuwa na Sunburst, vijana wa Kitanzania na wa kutoka Zaire waliochanganya roki, funki na midundo ya kwetu. Albamu yao, Ave Africa, ilitoka 1976, na kampuni ya London, Strut, ikaitoa upya 2016 wakati hapa nyumbani wengi walishawasahau. Ilikuwapo Afro 70 ya Patrick Balisidya, mtoto wa Mvumi, Dodoma, mji ambao kutoka Babati unaufikia kwa barabara hiihii. Gitaa lake lilikuwa na uchungu wa roki na utulivu wa nyimbo za Kigogo. Mwaka 1977 Afro 70 walikwenda Lagos kuiwakilisha Tanzania kwenye tamasha la FESTAC. Na Lagos hiyohiyo, wasanii wa ANC waliokuwa wametawanyika nchi mbalimbali walikusanyika wakapiga pamoja; kutokana na mkusanyiko huo likazaliwa kundi la Amandla, ambalo baadaye Jonas Gwangwa aliliongoza likaimba na kucheza dunia nzima hadi ubaguzi ulipoanguka. Kijana wa Dodoma na wakimbizi wa Johannesburg, tamasha moja, kila mmoja akithibitisha mbele ya Afrika kwamba nchi yake ipo.

Wapenzi wa mashairi wamkumbuke pia Keorapetse Kgositsile, mshairi wa ANC aliyekuja kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1970. Ni mtu aliyeandika kuhusu wanamuziki wa jazi kama wengine wanavyoandika kuhusu manabii. Kundi la The Last Poets la New York, ambalo wengi wanalihesabu kuwa babu wa rapu, lilipata jina lake kutoka kwenye shairi lake. Mtoto wake, Earl Sweatshirt, ni rapa. Mtu wa aina hiyo alitembea mitaa ya Dar es Salaam, na sisi tumelibakiza jina lake kwenye kumbukumbu za idara.

Mwaka 1977 serikali iliwapa ANC shamba la zamani la mkonge la Mazimbu, Morogoro, kupokea vijana waliokimbia baada ya Soweto. Shule yao ilipewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Wakakaa, wakajenga, wakapendana na watu wa pale. Wapo waliooa na kuolewa, wapo waliozaa. Mwaka 1990 ANC ikafunguliwa kwao; Julai 1992 Mazimbu ikakabidhiwa Tanzania. Wengi waliondoka, na zipo familia zilizobaki huku zikisubiri barua. Nalitaja hili kwa sababu tunapolisifia dansi tunapenda kusahau kwamba watu hucheza kwa miili yao yenyewe, na miili huacha alama. Santuri inapita nchi ikaondoka safi. Mtu haondoki hivyo.

Baada ya hapo Wasauzi walirudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1993 kampuni yao ya bia iliingia kwa nusu ya hisa kwenye kiwanda chetu cha bia. Zikaja benki, simu, ving'amuzi. Hapa Manyara walikuja Mererani, kwenye tanzanaiti, na wachimbaji wadogo wanayo yao ya kusema kuhusu hilo. Aliyekuja kama mkimbizi akarudi kama mwekezaji, na bia iliyonywewa kwenye dansi ikawa na hisa zake ndani yake. Silaumu, dunia ilibadilika. Nasema tu kwamba ukumbi wenyewe nao ulikuwa unabadilika wakati huohuo.

Bendi za mikoani hazikufa kwa sababu watu waliacha kupenda. Zilikufa kwa hesabu. Taasisi za umma zilipoanza kubana matumizi na mashirika kuuzwa, mpiga tarumbeta mwenye mshahara akawa wa kwanza kupunguzwa. Vyombo vikichakaa havikununuliwa vingine. Hata kabla ya hapo mpaka wetu na Kenya ulifungwa 1977 hadi 1983, na kwa bendi zilizotegemea viwanda vya santuri vya Nairobi hilo lilikuwa pigo. Redio binafsi za miaka ya 1990 zikaleta muziki wa studio ambao kijana mmoja na kompyuta anaumaliza. Mwenye baa naye ana kalamu: bendi ni watu kumi hadi kumi na tano wanaotaka kula, kusafiri na kulala; dijei ni mtu mmoja na flashi. Dar es Salaam Msondo na Sikinde waliendelea kupambana. Mji kama Babati uliachiwa spika.

Kwa hiyo ukumbi wa pamoja umezuiwa mara tatu katika hadithi hii. Kule kwao ulizuiwa na sheria ya rangi ya ngozi. Kwetu ulibanwa na sera. Sasa umezuiwa na bei, na hiki kizuizi cha tatu ndicho kigumu kukipinga, kwa kuwa hakina afisa wa kumwandikia barua wala gazeti la kujibizana nalo. Hakuna aliyekataza. Hakuna tu.

Nitaambiwa: mbona muziki wa Sauzi umejaa? Kweli. Bodaboda wa Nangara anaendesha na amapiano, kijana wa Bagara anajua hatua zote za video mpya kabla ya mimi kujua jina la msanii. Na vijana wetu wanarudisha vyao huko, kama Kabaka alivyofanya. Sina ugomvi na hilo. Lakini amapiano inafika kwenye simu ya kila mtu peke yake. Inatupa wimbo wa Msauzi bila kutupa Msauzi. Tunaye mmoja hapa, amekuwa jirani yetu kwa misimu kadhaa, na wengi wanamjua kama gari linalopita.

Babati si mji wa kabila moja. Gorowa, Iraqw, Rangi, Mbugwe, Datooga, na wengine tulioletwa na barabara. Tunakutana sokoni na stendi, kila mtu na shughuli yake. Kila kundi lina ngoma yake, na ngoma hizo zinajua wenyewe na wageni. Dansi la laivu lilikuwa na sifa yake: halikuwa la nyumbani kwa mtu yeyote. Wote mlikuwa wageni wa gitaa. Mwimbaji alikuona, akalitaja jina lako katikati ya wimbo, na kuanzia siku hiyo mji ulikujua. Hivyo ndivyo wageni wa Morogoro walivyokuwa watu wa Morogoro.

Sidai kwamba halmashauri ikijenga ukumbi kesho Mbaraka mwingine atatokea keshokutwa. Nadai kidogo zaidi. Yanapangwa masoko, stendi na maegesho ya malori kwenye miji hii inayokua haraka; jukwaa moja la umma lenye umeme wa uhakika na vyombo vinavyokodishwa kwa bei ya kijana si anasa kuliko maegesho. Shule zetu na kwaya za makanisa zina wapiga kinanda na wapiga besi wazuri ambao hawajawahi kupiga mahali ambapo asiyesali nao anaweza kuwasikia. Na wewe unayesoma ukiwa Singida, Kondoa au Mbulu: muulize mzee wa mtaani kwako bendi ya mji wenu iliitwaje, ilipiga ukumbi gani, na nani alikuwa solo. Yaandike kabla hajaondoka nayo. Ukumbi wenyewe huenda leo ni ghala la mahindi, lakini nondo za jukwaa bado zimo sakafuni.